Mama amelipa deni lisilo lake, na bonasi imeingia kwangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kwenye daladala ya kurudi nyumbani, maana nikishafika nitalala tu. Nina miaka 24, naishi Tabata. Nilimaliza diploma ya uhasibu nikazunguka na bahasha ya vyeti mwaka mzima mpaka ikachakaa pembe. Miezi kumi na moja iliyopita rafiki yangu akaniambia kuna ofisi inatafuta watu wa huduma kwa wateja, mshahara laki tatu na nusu na bonasi juu. Sikuuliza mara mbili.

Ni kampuni ya mikopo ya mtandaoni. Mtu anatumiwa linki, anapakua programu, anaweka namba ya NIDA, anajipiga picha, na chai haijapoa hela imeshaingia kwenye simu. Kazi yangu ni kukusanya. Tupo chumba kimoja watu thelathini na kitu, kila mmoja ana kompyuta, vitochi viwili na kibahasha cha laini, kwa sababu laini zinafungiwa kila mara. Asubuhi unagawiwa wateja wako. Aliyechelewa siku moja unampigia kwa ustaarabu. Siku ya tatu unabadilisha sauti. Siku ya tano mfumo unakufungulia majina yote yaliyomo kwenye simu yake.

Majina hayo aliyatoa mwenyewe siku ya kukopa, pale alipobonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Mfumo unayapanga. Yenye neno Mama, Baba, Mume wangu, Shem, Bosi, Mchungaji au Ustaadhi yanapanda juu. Fundi Bomba na Boda wa Kona wanabaki chini. Ujumbe umeshaandikwa, wewe unajaza jina tu: "Fulani ametoroka na deni letu na amekuweka wewe kuwa mdhamini. Mwambie alipe leo kabla hatujasambaza picha." Hakuna mtu aliyewekwa mdhamini. Chumba kizima tunajua.

Na mikopo yenyewe, Shangazi, mtu anaomba laki moja, anapokea 72,000 kwa kuwa ada inakatwa hapo hapo, halafu baada ya siku saba anatakiwa arudishe 115,000. Mtaani wanaiita kausha damu na sisi wenyewe tukiwa kwenye chai tunaiita hivyo hivyo.

Mama yangu anauza vitenge sokoni Morogoro. Mwezi uliopita kwenye orodha yangu akaja mteja ninayemfahamu, mama wa mtaani kwetu, wanacheza kikoba kimoja na mama. Siku ya tano nikafungua majina yake. Nikaona namba ninayoijua kwa kichwa tangu darasa la tatu. Amemwandika "Mama Vitenge".

Nikairuka. Sikusema neno. Lakini kwetu, usipomaliza orodha hadi saa tisa, msimamizi anagawa zilizobaki. Mwenzangu wa meza ya pili akaituma.

Jioni mama akapiga. Sauti ilikuwa inatetemeka. Aliniambia kuna watu wa serikali wamemwandikia kwamba amemdhamini mama fulani, na asipolipa picha yake itazunguka Morogoro nzima. Akauliza, "Mwanangu, picha yangu wameitoa wapi?" Alikuwa ameshatuma 40,000, hela aliyoitenga kwenda kuchukua mzigo Kariakoo. Nikamwambia, "Pole mama, hao ni matapeli." Yeye anajua nafanya kazi benki, dirisha la wateja.

Ijumaa bonasi ikatoka. Mteja alikuwa wa orodha yangu, kwa hiyo aliyoyalipa mama yalihesabiwa kwangu. Nilipata elfu nne, Shangazi.

Mama na yule jirani sasa hawasalimiani. Jirani naye anasema hakumtaja mtu yeyote, na najua anasema kweli.

Mdogo wangu yupo kidato cha nne, hosteli nalipa mimi. Mwenzangu mmoja ananiambia, ukiondoka atakaa mwingine kwenye kiti hicho hicho, na kwani hela si walikula wenyewe? Mwingine ameniambia nipige picha skrini nimpelekee mmoja wa wale watu maarufu wa Instagram awaanike. Nimeshapiga picha kumi na moja, zipo kwenye simu yangu. Niache kazi? Nimwambie mama? Picha nizitoe? Sijui hata kama mtu kama mimi ana haki ya kukuandikia.

Binti wa Morogoro, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Haki ya kuandika unayo. Wanaoniandikia kuhusu hii mikopo ni wengi, lakini wote ni wa upande wa pili wa simu: waliodaiwa, waliotukanwa, mmoja aliyeachwa na mume. Wewe ni wa kwanza kuniandikia kutoka ndani ya kile chumba, na nimesoma barua yako mara tatu. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini pia sitakurushia jiwe.

Nianze na ile elfu nne, naona ndiyo inayokuwasha kuliko yote. Irudishe. Sizungumzii kuirudisha kwa kampuni, hao hawataona hata tofauti. Mrudishie mama elfu arobaini yake nzima, kutoka mfukoni mwako, hata kama ni kwa mafungu, na umwambie imetoka wapi. Nitalirudia hilo la kumwambia.

Sasa huyo mwenzako anayesema "hela si walikula wenyewe". Ana kipande cha kweli mkononi na ndiyo maana maneno yake yanakusumbua. Dawa ya deni kulipa, na mimi sina huruma ya bure kwa mtu anayekopa programu ya tano ili alipe ya nne. Ila tuhesabu kidogo, wewe ni mhasibu. Mtu kapokea 72,000, anarudisha 115,000. Hiyo ni 43,000 juu, karibu asilimia 60 ya alichoshika mkononi, kwa wiki moja. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni 3,500. Hizo nyingine kampuni yako iite ada, iite huduma, iite jina litakalowapendeza. Wewe mwenye diploma unajua zinaangukia safu gani.

Halafu hata deni la halali kabisa lina watu wawili, aliyetoa na aliyepokea. Mimi nimekulia mtaa ambao mangi wa duka alikuwa na daftari. Jina lako lilikuwemo, na mwisho wa mwezi ulikuwa unapita njia ya nyuma usimwone. Alikuwa na ukali wake. Alikuja mlangoni jioni, akakohoa, akamwita baba pembeni. Wapo waliobandika majina ukutani, sikatai, na mtaa uliwasema mpaka wakayabandua. Ila mangi alikuwa anajua kama mwezi ule nyumba ile ilikuwa na msiba. Mfumo wenu unajua neno Mama na neno Mchungaji, basi, na unajua kwamba aibu ikipitia hapo hela inatoka haraka. Aliyeupanga hivyo alikaa chini akafikiri. Alijiuliza binadamu anaumia wapi, akapata jibu, akaliandika kwenye mashine, halafu akakuajiri wewe uwe kidole cha kubonyeza.

Wanakujibu kwamba mteja aliruhusu. Haya, tuseme aliruhusu, na tuseme hata alisoma, jambo ambalo mimi na wewe tunajua halikutokea. Mtu anaweza kukuruhusu uingie chumbani kwake. Anaweza kukuruhusu uingie chumbani kwa jirani? Yale majina mia tatu kwenye simu yake si mali yake ya kugawa. Kila namba ni ya mtu, na mtu huyo aliitoa kwa shughuli fulani: mmoja ili aitwe kushona sare, mwingine ili aulizwe bei ya vitenge. Mama yako hakubonyeza popote. Sijui kama ana simu janja au kitochi, na haibadilishi kitu, maana hata angekuwa na kitochi cha tochi moja angenaswa vile vile kupitia simu ya mwenziwe. Hapo ndipo hii teknolojia inapotuzidi akili: unaweza kuilinda simu yako kama mboni ya jicho, na bado ukawa umelala uchi kwenye simu za watu 300 wengine.

Waswahili wana msemo, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha anaona kila kitu, kovu, kidonda, ulemavu uliofichwa miaka arobaini, na akitoka pale ndani anaulizwa "vipi?" anajibu "alhamdulillahi, tumemaliza." Hakuna aliyemsainisha mkataba wa siri. Wewe na wenzako mmekalishwa kwenye kiti cha mwosha, mnaona nani kakopa kwa ajili ya ada, nani kwa ajili ya dawa, na mnalipwa mtoke mkatangaze barabarani.

Sheria nayo ipo, na nataka uijue kwa sababu itakugusa wewe kabla ya kumgusa mwenye kampuni, ambaye huenda hujawahi hata kumwona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Taarifa ya mtu inachukuliwa kwa sababu iliyo halali na kutumika kwa sababu hiyo tu. Kabla yake tulikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu kinamzungumzia anayetuma. Hakisemi "isipokuwa kama alitumwa na msimamizi". Laini unazobadilisha kila wiki zimesajiliwa kwa alama za vidole vya nani, mwanangu? Kama yupo hata mmoja wenu aliyewahi kuombwa asajili laini "za ofisi" kwa jina lake, apige *106# leo aone ana namba ngapi.

Na kuna hili la linki. Umesema wateja wenu wanapakua programu kwa linki. Google, tangu tarehe 31 Mei 2023, ilizipiga marufuku programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma majina na picha za mteja. Kampuni inayomzungusha mteja nje ya duka hilo mara nyingi inakimbia sharti kama hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Itafute uisome. Ukiikuta ya kwenu humo, basi swali lako la "niache kazi?" limejijibu lenyewe. Usipoikuta, waulize ofisini leseni ya Benki Kuu imetundikwa wapi. Mahali penye leseni huwa inatundikwa ukutani, hata dukani kwa mangi.

Kuhusu kuacha, sikwambii utoke kesho ukalie kitanda huku mdogo wako anafukuzwa hosteli. Hilo ni la kusema ukiwa umeshiba. Nakwambia uache kutuma kesho. Endelea kuwapigia wakopaji wenyewe, kwa heshima, uwakumbushe tarehe na kiasi. Hiyo ni kazi halali, mabenki yanaifanya, na wewe inaonekana unaiweza. Kwa watu wengine kwenye simu zao, sema hapana, na uiseme kwa maandishi, barua pepe fupi kwa msimamizi, sentensi mbili, bila kumtukana mtu. Watakupunguzia bonasi na pengine watakutishia. Ujue tu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, haiitambui kuwa sababu ya haki kumfukuza mtu aliyekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumtaka alifanye. Umeshapita miezi sita kazini, kwa hiyo kinga ya kutofukuzwa isivyo haki inakuhusu. Wakikutoa, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiamua kuondoka mwenyewe, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Hizo siku zitumie kuzungusha upya ile bahasha, na safari hii andika kwamba una uzoefu wa mwaka wa kuzungumza na wateja wenye hasira. Saccos, maduka makubwa, kampuni za bima, wote wanatafuta mtu asiyepaniki mteja anapofoka.

"Atakaa mwingine kwenye kiti hicho." Atakaa, ni kweli, na miezi kumi na moja baadaye ataniandikia barua kama hii.

Zile picha kumi na moja sasa. Huyo mtu maarufu wa Instagram usimpe. Nimeona mambo hayo yanavyokwenda: anabandika, watu wanapiga kelele siku mbili, na majina ya wakopaji yaliyo kwenye skrini yanabaki mtandaoni yakisomwa na mashemeji wale wale mliowaogopesha. Utakuwa umetuma ule ujumbe wa aibu mara moja zaidi, tena kwa watu laki mbili. Zipitie picha. Zenye maelekezo ya kampuni, ule ujumbe uliokwisha kuandikwa, amri za msimamizi kwenye kundi la WhatsApp, zitunze. Zenye majina na namba za wateja usimpe mtu yeyote isipokuwa ile Tume ya taarifa binafsi au polisi watakapokuuliza kwa utaratibu. Hata mimi usinitumie.

Mlalamikaji bora kuliko wewe yupo, na ni mama yako. Yeye ndiye taarifa zake zilichukuliwa bila kuulizwa, yeye ndiye ametishwa, na ule ujumbe bado umo kwenye simu yake pamoja na muamala wa 40,000 wenye tarehe na saa. Asiufute. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko ya mtu wa kawaida, na hahitaji wakili. Wenzetu Kenya walishaliona hili likifika mwisho: Septemba 2023 ofisi yao ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za kwao kwa kuchukua majina na namba za watu na kuwatumia vitisho. Yalianza na malalamiko ya watu waliotumiwa meseji kama ya mama yako.

Lakini hawezi kulalamika vizuri kama anaamini ni "watu wa serikali", au kama anaamini ni matapeli wasiojulikana, ulivyomwambia wewe. Kwa hiyo tumerudi pale. Lazima umwambie. Najua unachoogopa, si kofi. Unaogopa atakavyokaa kimya. Mama aliyewaambia soko zima kwamba binti yake yuko benki atanyamaza, kweli, na pengine atainuka aende jikoni akajifanye anatafuta chumvi. Mwache atafute. Usimfuate na maelezo kuhusu msimamizi na mfumo na mwenzako wa meza ya pili. Ulipoiruka namba yake ulijua kabisa ujumbe ule ni wa nini, na wale wengine uliokuwa umewatumia nao ni mama za watu. Hilo utalisema mwenyewe kabla hajakuuliza, kwa sababu atakuuliza.

Usimwambie kwa simu. Treni ya mwendokasi hadi Morogoro ilianza na nauli ya 13,000, nauli ya bonasi tatu na kitu kama ile. Nenda Jumamosi. Mkishazungumza nyinyi wawili, mwende kwa jirani pamoja, kabla ya siku ya kikoba. Yule mama amebeba lawama ya kumtaja mwenziwe wakati hakumtaja mtu, na hapo mtaani aliyeweza kushuhudia hivyo ni wewe peke yako. Deni lake la 40,000 kwa mama yako au kwako watajua wenyewe wanalimalizaje, hilo usilisimamie. Msaidie tu kufungua simu yake: aingie kwenye mipangilio, aondoe ruhusa zote za ile programu, za kuona majina, meseji, picha na mahali alipo, kisha aifute. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayatarudi, mwambie ukweli huo. Yatakayoongezeka kuanzia Jumamosi yatakuwa salama.

Na ukirudi Dar niandikie mama alisema nini alipotoka jikoni.

Shangazi